Nguvu ya soda, na mpango unaohimili wiki mbaya

Swali: Nina miaka 34, nina kazi ya kudumu na watoto wawili wadogo. Kila mwanzo wa mwaka naandika malengo yangu. Mwaka huu yako tisa, na kubwa kuliko yote ni kumaliza mitihani ya uhasibu ya kitaaluma ili siku moja nifungue ofisi yangu. Wiki mbili tatu za mwanzo ninawaka. Ikifika ya nne sijui moto umekwenda wapi. Nasikiliza wahamasishaji, napata mzuka wa siku mbili, narudi palepale. Nitapata wapi motisha inayodumu? Lengo la miaka mingi linapangwaje? Na je, niwaambie watu au ninyamaze?

Jibu: Hali uliyoieleza mtaani inaitwa nguvu ya soda. Jina hilo linamtupia lawama mtu, kana kwamba amezaliwa na pumzi fupi, na hapo ndipo wengi wanapokosea kulitambua tatizo lao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wanasaikolojia wa Marekani waliwafuatilia watu 200 waliojiwekea maazimio ya mwaka mpya. Baada ya wiki moja asilimia 77 walikuwa bado wanayashika; baada ya mwezi asilimia 55; baada ya miaka miwili asilimia 19. Karibu nusu yao, basi, waliangukia palepale unapoangukia wewe. Shimo linalowanasa watu wengi kiasi hicho liko kwenye njia, na njia yenyewe ni jinsi mipango ya mwaka mpya inavyotengenezwa.

Mpango huo huandikwa na mtu aliyepumzika. Anampangia kazi mtu mwingine kabisa: yule wa wiki ya nne, ambaye mtoto wake ameumwa usiku mara mbili mfululizo, hesabu za mwisho wa mwezi zinamsubiri kazini, na usingizi haujamtosha. Mpango unavunjika siku hiyo, naye anasema motisha imeisha, wakati ukweli ni kwamba alishonewa nguo kwa kipimo cha mtu mwingine. Karibu yote nitakayokueleza yanatokana na kanuni moja: panga kwa kipimo cha wiki yako mbaya, wiki nzuri ziwe ziada.

Motisha hutoka wapi

Unauliza utaipata wapi, kana kwamba ni kitu cha kutafuta kwanza ndipo kazi ianze. Mara nyingi mfuatano wake ni kinyume. Unafanya kidogo, unaona hicho kidogo kimesogeza kitu, ndipo hamu ya kuendelea inapokuja. Watafiti Teresa Amabile na Steven Kramer walikusanya karibu taarifa 12,000 za shajara za kila siku kutoka kwa wafanyakazi 238 wa kampuni 7. Walipotafuta kinachotenganisha siku za ari na siku za unyonge, kilichojitokeza mbele ya vingine vyote ni kusogea katika kazi yenye maana kwa mhusika, hata kwa hatua ndogo. Wanaotibu sonona wameitumia mantiki hiyo tangu miaka ya 1970: mgonjwa haambiwi asubiri mpaka ajisikie vizuri, anapangiwa shughuli ndogo kwa saa maalumu, na moyo hufuata nyuma.

Shida ya lengo la miaka mingi ni kwamba kusogea huko hakuonekani. Leo umesoma saa moja, na cheti kiko mbali vilevile kama jana. Mwanasaikolojia Clark Hull aliandika mwaka 1932 kwamba panya hukimbia kwa kasi zaidi kadiri wanavyokaribia chakula, na binadamu hatuko mbali nao. Mwanzoni upya wa jambo unakusukuma, mwishoni ukaribu wa kumaliza unakuvuta, katikati hakuna kinachokusukuma wala kinachokuvuta. Mitihani yako ina katikati ndefu mno, na usipoigawa vipande vyenye mwisho wake utabaki ukiitegemea hotuba ya mhamasishaji, ambayo muda wake wa kuisha unaujua mwenyewe.

Kuna jaribio moja dogo linaloonyesha namna ya kuigawa. Mwaka 2006 Joseph Nunes na Xavier Drèze walichapisha matokeo ya kadi zilizogawiwa kwa wateja wa sehemu ya kuosha magari. Kundi moja lilipata kadi tupu ya mihuri 8. Kundi jingine lilipata kadi ya mihuri 10, miwili ikiwa imekwisha kugongwa. Wote walihitaji mihuri 8 ileile ili kuoshewa gari bure, lakini waliofika mwisho katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 19, katika la pili asilimia 34. Kwako maana yake ni hii: usichore chati inayoanzia sifuri. Masomo uliyokwisha kufaulu na mada unazozijua kwa sababu ya kazi yako ya sasa, zihesabu na uzipake rangi tangu siku ya kwanza. Chora miraba kwenye karatasi moja, kila mraba saa 5 za kazi, uibandike mahali unapopita kila siku. Katika nusu ya kwanza ya safari hesabu miraba iliyojaa. Ukivuka nusu, geuza na uhesabu iliyobaki. Jicho livutwe kila wakati na lile fungu dogo, kwa sababu ndani ya fungu dogo hatua moja inaonekana kubwa.

Sasa kuhusu wale wahamasishaji. Si kwamba wanadanganya. Tatizo ni kwamba kuiona picha ya mafanikio kunakupa sehemu ya utamu wa kufika kabla hujaondoka. Mwanasaikolojia Gabriele Oettingen amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Katika mojawapo ya tafiti zake, wahitimu waliokuwa wakiota mara nyingi ndoto tamu za kupata kazi walikuja kupata, miaka miwili baadaye, nafasi chache na mishahara midogo kuliko wenzao. Kuamini kwamba utaweza, kwa sababu umewahi kuweza jambo la namna hiyo, kulisaidia. Kuogelea katika picha hakukusaidia. Dawa anayoipendekeza inachukua dakika tano. Taja unachokitaka. Ona kwa ufupi uzuri wake. Kisha mara moja jiulize: ni kitu gani ndani yangu kitakachonizuia? Jibu lazima liwe mahususi. “Uvivu” ni tusi tu na halikusaidii. “Nikishawalaza watoto nashika simu kwa dakika kumi, zinakuwa saa moja na nusu” ndilo jibu, kwa sababu hilo unaweza kulitengenezea mpango.

Malengo tisa ni mengi mno

Chukua orodha yako na uweke alama kwa kila lengo: hili ningelifuata hata kama hakuna mtu atakayejua kwamba nimelifikia? Edward Deci na Richard Ryan, ambao nadharia yao ya motisha imepimwa kwa miongo kadhaa, wanataja mahitaji matatu yanayoilisha ari ya ndani: kuhisi kwamba uamuzi ni wako, kuhisi kwamba unaimudu kazi, na kuhisi kwamba uko pamoja na watu. Lengo lililoingia kwenye orodha kwa sababu mwenzako kazini analo, au kwa sababu unaona aibu kutokuwa nalo, halina hata moja kati ya hayo, na ndilo la kwanza kufa.

Yatakayobaki yagawe hivi: moja la kusukuma, mawili ya kushikilia tu yasirudi nyuma (kwa mfano afya na akiba, kwa kiwango cha chini kabisa), mengine yote yaandikwe kwenye ukurasa wa “bado” pamoja na tarehe ya kuyatazama tena. Tarehe ni ya lazima. Jambo lisilokamilika hukusumbua kichwani mpaka lipewe mahali na wakati wake, ndipo akili huliachia.

Na zawadi za kujipongeza? Zitumie kwa sehemu za kazi zinazochosha, kama kupanga risiti au kukariri viwango. Kwa sehemu unayoipenda yenyewe ziache. Deci alionyesha mwaka 1971 kwamba wanafunzi waliolipwa kutatua mafumbo waliyokuwa wakiyafurahia walipungukiwa na hamu ya kuyachezea malipo yalipokoma.

Hesabu ambayo watu hawaipigi

Hapa ndipo mipango mingi hufia, nawe kwa kuwa ni mtu wa hesabu sitakuonea huruma. Unahitaji namba tatu: saa ambazo kazi itakula kweli, saa ulizonazo kweli, na wiki zilizomo katika mwaka wako wa kweli.

Namba ya kwanza hatuioni vizuri kwa asili. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliupa jina upofu huu mwaka 1979, na mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake waliupima kwa wanafunzi waliokuwa wakiandika tasnifu. Kwa wastani walikadiria kumaliza kwa siku 34. Walipoambiwa wakadirie iwapo kila kitu kitakwenda mrama, walisema siku 49. Walimaliza kwa siku 56 hivi. Angalia vizuri: hata makadirio yao ya hali mbaya kabisa yalikuwa ya matumaini. Kwa hiyo usikadirie, pima. Chukua sura moja ya kitabu, ya ugumu wa kati, andika pembeni unadhani itakuchukua saa ngapi pamoja na kujibu maswali yake, kisha ifanye huku saa ikihesabu. Tuseme ulidhani 6, ikachukua 10. Kama ulikuwa umekadiria mitihani yote saa 300, zidisha kwa 10, gawanya kwa 6. Unapata saa 500.

Namba ya pili inahitaji wiki nne za uvumilivu. Kabla hujapanga chochote, kila jioni andika dakika ambazo ulikuwa huru na akili yako ilikuwa bado na uwezo wa kusoma. Dakika ulizokuwa umejilaza kama gunia usizihesabu. Tuseme wiki nne zimetoa saa 7, 3, 6 na 2. Jumla ni 18, wastani saa 4 na nusu. Sasa una vipimo viwili, na kila kimoja kina kazi yake, usivichanganye. Saa 2, yaani wiki mbaya kuliko zote, ndiyo ahadi yako ya kila wiki. Saa 4 na nusu ndiyo ya kukadiria tarehe ya kumaliza.

Namba ya tatu: toa wiki sita katika 52 kwa ajili ya magonjwa, safari, misiba na sherehe. Zinabaki 46. Saa 4.5 mara 46 ni saa 207 kwa mwaka. Gawanya 500 kwa 207: miaka miwili na miezi mitano, au miezi 29.

Ulipanga mwaka mmoja. Hakuna hotuba duniani inayoweza kuziba pengo la namna hiyo, na pengo hilo ndilo ulilokuwa ukiliita ukosefu wa motisha. Lililobaki ni kuchagua kati ya mambo matatu. Unaweza kuikubali tarehe. Unaweza kupunguza kazi, yaani kufanya somo moja au mawili kwa kila msimu wa mitihani badala ya yote. Au unaweza kununua saa, kwa kuacha kitu kingine. Hili la tatu lina faida kuliko linavyoonekana: ukipata saa moja na nusu zaidi kwa wiki, labda kwa kukubaliana na mwenzako wa nyumbani kwamba asubuhi moja ya mwisho wa wiki ni yako, wastani unakuwa saa 6, mwaka unatoa saa 276, na safari nzima inashuka hadi miezi 22 hivi. Asubuhi moja kwa wiki imekata miezi saba. Ndiyo maana inafaa mwenzako aione hesabu hii kwenye karatasi, maana saa hizo zinatoka pia kwake.

Kutoka miaka kumi hadi Jumanne

Lengo la mbali lisipangwe kwa undani sawa na la karibu. La miaka kumi liwe sentensi moja ya mwelekeo: “nina ofisi yangu ya uhasibu inayonilisha”. La miaka mitatu liwe masharti ambayo lazima yawe yametimia: sifa ya kitaaluma, wateja wa kwanza, akiba ya kuishi miezi kadhaa bila mshahara, uzoefu wa kazi ambazo wateja hao watazihitaji. La mwaka liwe matokeo moja au mawili yanayopimika. La wiki 12 ndilo linalostahili undani: masomo gani, sura zipi, maswali mangapi. La wiki ni saa na siku. Anayepanga mwezi wa 50 kwa undani anajifurahisha tu.

Katika masharti yale ya miaka mitatu, tafuta lile ambalo usipolipata yote mengine ni bure na ambalo hujalithibitisha. Anza nalo. Wewe umeshika mitihani kwa sababu ina mtaala na tarehe, lakini swali kubwa zaidi huenda likawa hili: je, utapenda kuhudumia wateja wadogo wanaoleta risiti ndani ya mfuko wa plastiki siku mbili kabla ya kodi kulipwa? Kazi ya ofisi yako mwenyewe ni tofauti na kazi ya kuajiriwa. Shika vitabu vya biashara moja ndogo kwa miezi mitatu, kwa malipo kidogo, ikiwa mkataba wako wa sasa unaruhusu. Ni heri kugundua kwa miezi mitatu kuliko kwa miaka mitatu. Na ukiipenda, umepata ushahidi wa kusogea ambao hakuna chati inayoweza kukupa.

Kabla ya kuufunga mpango, ufanyie uchunguzi wa maiti kabla haujafa. Mbinu hii ilielezwa na Gary Klein mwaka 2007. Jiambie: ni miezi 18 kuanzia leo, na mpango umeshindwa kabisa. Andika kwa dakika kumi sababu zilizouua. Ukijiuliza “nini kinaweza kuharibika?” utajibu kwa woga, lakini ukichukulia kwamba mpango umekwisha kuharibika, sababu zinamiminika. Chukua mbili zenye uwezekano mkubwa na uziwekee kinga sasa.

Kwenye semina utasikia kwamba wahitimu wa chuo kikuu cha Yale wa mwaka 1953 walioandika malengo yao, asilimia 3 tu, walikuja kuwa na mali kuliko wenzao wote kwa pamoja. Utafiti huo haukuwahi kufanyika. Kuandika kuna faida, ila inatokana na kwamba karatasi inakulazimisha kutaja namba na tarehe. Lengo lililoandikwa kama “kufanikiwa kitaaluma” halina tofauti na ambalo halikuandikwa.

Saa 2 za ahadi, zifanywe vipi

Zigawe: vipindi vinne vya dakika 30. Kila kipindi kifungwe kwenye tukio ambalo tayari hutokea, kwa muundo wa “ikitokea hivi, nafanya hivi”. Mfano: “Watoto wakishalala na nikishazima taa yao, nakaa mezani, nafungua daftari kwenye alama, nafanya swali la kwanza.” Peter Gollwitzer na Paschal Sheeran walikusanya mwaka 2006 majaribio 94 ya mipango ya namna hii, na athari yake ilikuwa kati ya wastani na kubwa. Inafanya kazi kwa sababu uamuzi umekwisha kufanyika mchana, ukiwa na akili. Usiku kinachobaki ni kutii ishara. “Nitasoma jioni” si mpango wa aina hii, maana jioni haina mlango wa kuingilia.

Andika na ya vikwazo: “Mtoto akiumwa usiku, kesho yake nafanya swali moja tu wakati wa mapumziko ya mchana.” Swali moja ni kipimo cha dharura. Halitakufaulisha mtihani. Kazi yake ni kukufanya uendelee kuwa mtu anayesoma, ili usije ukahitaji kuanza upya.

Kila unapomaliza kipindi, tumia dakika mbili za mwisho kuandika utakachoanza nacho kesho: ukurasa, namba ya swali, hata mstari wa kwanza wa jibu. Daftari liachwe wazi hapohapo na simu iwe chumba kingine. Mtu aliyechoka hashindwi na kazi, anashindwa na kuanza, na kuanza ni kugumu zaidi pale ambapo hujui uanzie wapi.

Usijihukumu kabla ya wiki kumi. Ile habari kwamba tabia hujengeka kwa siku 21 ilitokana na daktari wa Marekani wa upasuaji wa sura aliyeandika mwaka 1960 kuhusu muda wa wagonjwa kuzoea nyuso zao mpya. Phillippa Lally na wenzake huko London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12 na kukuta kwamba tabia ilichukua kwa wastani siku 66 kuwa ya kujiendea, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya 254 kutegemea mtu na jambo. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu.

Yanayoharibika, na kwa nini

Kuruka siku hakuharibu. Kinachoharibu ni yanayofuata kichwani. Watafiti wa ulaji, Janet Polivy na Peter Herman, waliona kwamba mtu aliyejiwekea mipaka ya chakula akishaivuka kidogo husema “imekwisha haribika”, akala kuliko hata asiyejizuia. Ndivyo inavyokuwa kwa masomo: Jumatatu imepita, basi wiki nzima imepita, tutaanza mwezi ujao. Kanuni ya kinga ni nyepesi lakini ishike kwa ukali: hakuna viporo. Saa ulizozikosa wiki hii haziongezwi kwenye wiki ijayo. Deni la saa linakua haraka kuliko uwezo wako wa kulilipa, na mtu mwenye deni hukwepa hata kulitazama daftari. Makadirio yako yalitumia wastani, kwa hiyo wiki mbovu zimo ndani yake tayari.

Ukikaa zaidi ya siku saba bila kugusa kitu, rudi kwa nusu ya kipimo kwa siku tatu. Watu hurudi kwa kishindo, wakitaka kufidia, na kishindo hicho huwaangusha tena ndani ya wiki.

Kosa jingine ni maandalizi yaliyovaa nguo za kazi: kupaka ratiba rangi, kununua madaftari, kulinganisha programu za kupangia malengo, kutazama video za namna ya kusoma. Kipimo chake ni rahisi. Kama unachofanya hakiwezi kukosewa, huenda si kazi. Kwa mitihani, hesabu maswali uliyojibu bila kutazama kitabu. Saa za kukaa mbele ya kitabu zinadanganya.

Kila Jumapili tumia dakika 15: niliahidi saa ngapi, nimefanya ngapi, nini kilizuia, mpango wa “ikitokea” upi ubadilike. Kila wiki 12 tenga nusu siku. Ukiwa chini ya asilimia 60 ya ahadi kwa vipindi viwili mfululizo vya wiki 12, badilisha mpango: kipimo, saa, au lengo lenyewe. Uamuzi wa kuliacha lengo ufanyike siku hiyo ya tathmini tu, kamwe si usiku wa wiki mbaya, kwa sababu usiku huo kila lengo linaonekana la kijinga.

Jambo moja nisilipite. Kama unyonge haupo kwenye mitihani peke yake bali umeenea kwenye kila kitu, huoni raha hata kwa ulivyokuwa ukivipenda, usingizi na hamu ya kula vimevurugika, na hali hiyo imezidi wiki mbili, nenda kwa daktari kabla ya kupanga lolote. Hapo mpango siyo tiba.

Kuwaambia watu

Inategemea unawaambia nini. Ukitangaza nia, watu wanakupongeza, na pongezi hizo hulipa sehemu ya deni kabla hujafanya kazi. Tafiti za Gollwitzer za mwaka 2009 zilionyesha kwamba wanafunzi ambao nia zao zilitambuliwa na wengine walijituma kidogo kuliko ambao hazikutambuliwa. Kutoa taarifa za maendeleo ni jambo jingine. Uchambuzi wa mwaka 2016 uliounganisha tafiti 138 zenye karibu watu 20,000 ulikuta kwamba kufuatilia maendeleo kunasaidia kufikia lengo, na kunasaidia zaidi pale yanapoandikwa au yanapowekwa wazi kwa wengine.

Kwa hiyo wanyime watu ndoto, wape namba. Chagua mtu mmoja, ikiwezekana naye awe anasomea kitu, asiwe mwenzako wa nyumbani kwa sababu huyo ana maslahi katika saa zako. Kila Jumapili baada ya zile dakika 15, mtumie ujumbe wenye vitu vitatu: saa nilizoahidi, saa nilizofanya, swali nitakaloanza nalo kesho. Asikupongeze wala asikukaripie. Mwambie akutafute Jumatatu mchana kama hujatuma.